Mashine Isiyosumbua: Maktaba ya Sinema Sebuleni

Mlioko Kiranjeranje penyewe, mlioko Mandawa, Hoteli Tatu na Nanjirinji, na nyie mlioko safarini kuelekea Lindi huku redio ya gari ikiwa wazi, karibuni tuzungumze.

Jioni ya leo nimewaletea jambo la sebuleni. Tutazungumza namna ya kutengeneza kompyuta moja ndogo inayokaa nyuma ya televisheni, ikahifadhi filamu zote za nyumba, nyimbo zote, picha zote na video za harusi, na kila mtu akaangalia anachotaka bila kununua bando na bila kuita fundi. Hilo la mwisho ndilo ninaloomba mlishike: bila kuita fundi. Kuiunda mashine yenyewe hakumshindi kijana aliyezoea kompyuta. Ataimaliza Jumamosi moja. Ugumu uko kwingine. Ugumu ni kuiunda hivi kwamba mwakani, kijana yule akiwa yuko zake Dar es Salaam au Mtwara anasoma, bibi aliyebaki nyumbani anabonyeza rimoti na filamu inatoka.

Kuna atakayeniuliza: ya nini yote hayo? Simu si ipo? YouTube si ipo? King'amuzi si kipo? Vipo, ndugu yangu. Lakini hebu turudi nyuma kidogo, Mei mwaka 2024. Mnaukumbuka mwezi ule? Ulianza na Kimbunga Hidaya. Mvua ikaikata barabara kuu kule Somanga, magari ya kutoka Dar es Salaam yakakwama upande mmoja na ya kusini yakakwama upande wa pili. Hatujapumua vizuri, tarehe 12 ya mwezi uleule nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, na intaneti ikazorota karibu Afrika Mashariki nzima. Barabara imekatika, mtandao unasuasua. Siku zile, nani aliyeweza kukaa na wanawe jioni akawawekea filamu? Ni yule aliyekuwa nazo ndani ya nyumba.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Iko ya pili, na kwangu mimi hii ndiyo nzito.

Zanzibar walipata televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kwa hiyo wengi wetu sinema tuliijulia kwenye kibanda umiza: benchi la ubao, deki, televisheni juu ya meza, jenereta inanguruma nje, na mlango umefungwa kwa kanga ili mwanga usiingie. Na tuliielewa kwa sababu alikuwepo wa kututafsiria. Derek Mukandala, yule mnayemjua kwa jina la Lufufu, alikuwa anaichukua filamu ya Kihindi au ya Kichina na kuisimulia yote kwa Kiswahili, sauti zote anaigiza mwenyewe, na pale mwenye filamu alipokosa utani yeye anautia. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana VJ Jingo wao. Kisha mwaka 2003 ikaja filamu ya Girlfriend, na baada ya hapo filamu za Bongo zikamwagika madukani. Ikafuata enzi ya mwigizaji Steven Kanumba, mpaka alipotutoka Aprili 2012. Kila mwenye deki alikuwa na rundo la CD.

Nawauliza: yale marundo yako wapi sasa? Mengine yako uvunguni mwa kitanda. Mengine watoto wameyafunga kamba kwenye baiskeli yamemetemete. Zilizobaki kwenye makasha zimechanika uso au zimeota ukungu. Na msidhani kwamba makampuni ya nje yanayouza filamu kwa mtandao yametuwekea filamu alizozitafsiri Lufufu, au kila filamu ya Bongo iliyowahi kuuzwa Kariakoo. Hayajaweka. Na video ya harusi ya dada yako, ile yenye ngoma ya usiku kucha na marehemu babu amekaa kwenye kiti cha mbele, hiyo hakuna kampuni duniani inayoitunza. Ipo nyumbani kwako tu. Ikiharibika, imekwisha.

Basi ndiyo maana nasema kila nyumba inastahili maktaba yake. Na nina maneno matatu ambayo nitayarudia mpaka mtayachoka: vitu vichache, umeme mdogo, nakala mbili. Vitu vichache, umeme mdogo, nakala mbili.

Tuanze na vitu vichache.

Ukimuuliza kijana anayependa kompyuta akuundie mashine ya sinema, mara nyingi atakutajia kasha kubwa la mezani, mafeni manne, kadi ya picha ya kuchezea gemu, diski nne zilizofungwa pamoja, na taa za rangi zinazowaka ubavuni. Ni mashine nzuri kwa mtu anayependa kuishughulikia. Nyumbani kwetu haifai, na nitawaeleza kwa nini. Kila feni ni kitu kinachovuta vumbi, na vumbi letu la kiangazi, malori ya ufuta yakiwa yanapita, mnalijua. Kila tundu kwenye kasha ni mlango. Muulize fundi yeyote wa vifaa vya umeme huku pwani, atakwambia mara ngapi amefungua kifaa akakuta sisimizi wamejenga ndani, au mjusi kakaukia juu ya saketi. Kwa wenzetu wa Kilwa Masoko na Kivinje, waliokaa na bahari, ongeza na hewa ya chumvi inayokula viungio vya chuma.

Kwa hiyo tafuteni kitu kidogo. Ziko njia tatu ninazoziamini.

Njia ya kwanza ni kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, zile zenye ukubwa wa kitabu kinene. Dell wanatengeneza, HP wanatengeneza, Lenovo wanatengeneza. Maofisi ya Ulaya na Marekani yakizibadilisha, zinaletwa huku kama mitumba, na Kariakoo zipo. Ukienda kuchagua, muulize muuzaji prosesa yake ni ya kizazi cha ngapi. Ikiwa ni Intel, tafuta kizazi cha 7 au kwenda mbele. Sababu yake ni kwamba chipu za kizazi hicho na vya mbele zenyewe zinafungua vizuri aina zote mbili za video zinazotumika sana leo, H.264 na H.265, bila kutumia nguvu nyingi na bila kuchemka.

Njia ya pili ni laptopu ya zamani ambayo kioo chake kimepasuka au kibodi imekufa. Wewe kioo hukihitaji, maana utaichomeka kwenye televisheni kwa waya wa HDMI. Tena ina jambo moja ambalo kompyuta nyingine hazina: betri ndani yake. Umeme ukikatika filamu inaendelea kusoma, televisheni ndiyo inayozima. Lakini nawaonya: laptopu inayokaa kwenye chaji mwaka mzima, betri yake inaweza kuvimba. Kama mashine ina sehemu ya kuizuia chaji isivuke asilimia 80, iwashe. Na kila mkipangusa vumbi, itazameni tumboni. Ikiwa imebenuka, betri itolewe siku hiyohiyo.

Njia ya tatu ni Raspberry Pi, kijikompyuta cha saketi moja kilichoanza kuuzwa mwaka 2012, ukubwa wake kama pakiti ya sigara. Kinakula umeme kidogo kuliko vyote hivi. Na kina sifa moja nitakayoisema tukifika kwenye rimoti. Ubaya wake ni kwamba watu huendeshea mfumo wake kwenye memori kadi, na memori kadi inayoandikwa kila siku hufa mapema. Ukichukua njia hii, endeshea mfumo kwenye diski ndogo ya SSD.

Ukishachagua, chukua adapta ya kuchajia uigeuze, usome maandishi madogo ya ubavuni. Adapta nyingi za laptopu na za hizi kompyuta ndogo zimeandikwa volti 100 hadi 240. Maana yake nini kwetu? Maana yake jioni umeme ukipungua nguvu, taa zikawa nyekundu na friji likalalamika, kijikompyuta chako hakina habari. Hicho ni kitu kikubwa mno kwa mtu anayetaka mashine isiyosumbua, na kimeandikwa pale, hakuna anayekisoma.

Na tafadhali, akina mama, hili naomba kwa heshima zote. Tunapenda kufunika vitu kwa vitambaa vya kufuma. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, kabati lina kitambaa. Kompyuta hii muiache uchi. Msiifunike, na msiifungie ndani ya kabati la vioo. Ipate hewa, ikae juu kidogo kutoka sakafuni, basi.

Tumemaliza vitu vichache. Twende kwenye umeme mdogo.

Kompyuta ndogo ya ofisini ikiwa imewaka bila kazi nzito inakula kama wati 15. Iache usiku na mchana kwa mwezi mzima, haitafikisha yuniti 12 za LUKU. Lile kasha kubwa lenye mafeni linaweza kula mara nne ya hapo, na halikuonyeshi filamu nzuri zaidi hata chembe.

Kwa wanaotumia sola, hesabu ni ya jioni. Televisheni ya kawaida ya inchi 32 na kompyuta yake kwa pamoja haziko mbali na wati 65. Saa nne za kuangalia, toka magharibi mpaka watoto walale, ni kama wati-saa 260 ukizijumlisha. Paneli ya wati 100 juu ya bati ikipata jua la siku nzuri inaimudu kazi hiyo. Ila mashine iwashwe jioni na kuzimwa usiku, isiachwe ikesha.

Sasa kuna kitu kimoja ndani ya mashine ambacho nitakieleza taratibu, maana ndicho kinachotenganisha mashine inayosumbua na isiyosumbua. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta nyingi hubaki zimelala mpaka mtu abonyeze kitufe. Kitufe kiko nyuma ya televisheni, na anayekijua hayupo. Nyumba inakaa wiki bila sinema kwa ajili ya kitufe! Dawa yake ipo. Kompyuta ikiwa inawaka, kabla haijaanza mfumo, unaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio ya ubao mama wenyewe. Mle, kwenye mambo ya umeme, kuna kipengele kinachouliza: umeme ukirudi nifanye nini? Nibaki nimezima, au niwake? Chagua iwake. Hifadhi, toka. Kuanzia siku hiyo umeme ukirudi saa tisa usiku, mashine inaamka yenyewe, na asubuhi kila kitu kiko mahali pake. Ukinunua kompyuta, mwambie muuzaji akuonyeshe kipengele hicho kabla hujatoa hela.

Na mvua za radi zikianza, chomoeni. Chomoeni waya wa umeme na waya wa dishi pia, maana radi huingia kwa dishi vilevile. Hakuna kifaa cha kuzuia umeme ninachokiamini kuliko plagi iliyochomolewa.

Tunakwenda kwenye la tatu: nakala mbili.

Kila diski itakufa. Ya bei kubwa itakufa, ya bei ndogo itakufa, hakuna fundi awezaye kukuambia ni lini. Wako watakaokwambia ufunge diski mbili au nne pamoja ndani ya kasha moja ili moja ikifa nyingine iendelee. Mpango huo una kazi yake maofisini, ambako kazi haitakiwi kusimama hata dakika moja. Kwako wewe hausaidii linalokusumbua. Mwizi akibeba kasha, kabeba zote. Radi ikipiga, imepiga zote. Mtoto akifuta folda ya harusi, imefutika kwenye zote papo hapo.

Fanya hivi. Mfumo wa kompyuta uwe kwenye SSD ndogo ndani yake. Filamu ziwe kwenye diski ya nje, moja, ya terabaiti moja au mbili. Terabaiti moja inabeba DVD za kawaida zipatazo 200 kama zilivyo, na ukizibana vizuri, inabeba nyingi zaidi ya hapo. Kisha nunua diski ya pili ya ukubwa uleule, nakili kila kitu, na uitoe nje ya nyumba yako. Ipeleke kwa dada yako Kilwa Masoko, kwa shemeji Lindi mjini, popote ambapo moto wako hautafika. Imefungwa kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha unyevu, imeandikwa jina.

Utaiongezea vitu vipya lini? Hapa watu huweka programu za kukumbusha, zikipiga kelele wanazizima. Sisi tuna kalenda yetu. Ufuta ukishauzwa, na korosho zikishauzwa. Nyakati hizo mbili watu wanasafiri, wanakwenda mjini kununua mahitaji, wanatembelea ndugu. Diski ije, iongezewe, irudi. Mara mbili kwa mwaka zinatosha kabisa kwa maktaba ya nyumbani.

Vitu vichache, umeme mdogo, nakala mbili. Bado mko nami?

Haya, tuingie ndani ya mashine. Kuna programu mbili za bure ninazozipendekeza, na nitasema ipi kwa nani.

Ya kwanza ni Kodi. Ina umri mkubwa: ilianza mwaka 2002 kwenye mashine ya kuchezea gemu ya Xbox, na jina la Kodi ilipewa mwaka 2014. Kazi yake ni kuonyesha: inaijaza televisheni picha kubwa za filamu zako, unashuka na rimoti, unachagua, unaangalia. Kuna mfumo mdogo uitwao LibreELEC ambao hauna kitu kingine isipokuwa Kodi. Unawasha kompyuta, inatokea Kodi. Hakuna mezani pa kompyuta, hakuna vidirisha vya kuuliza maswali. Nyumba yenye televisheni moja na watu wanaokaa pamoja, chukueni hii mmalize.

Ya pili ni Jellyfin, iliyoanza Desemba 2018, na watu wanaoitengeneza wanaitoa bure. Hii ni seva. Yenyewe inakaa kimya, inagawa filamu kwa yeyote aliye kwenye waifai ya nyumbani: simu ya kaka, tableti ya mtoto, televisheni ya chumbani. Na hapa wengi hawaamini mpaka waone: ruta ya waifai haihitaji kuwa na bando ili igawe filamu zilizomo ndani ya nyumba. Laini haina hata salio, ruta imewaka tu, simu imeungana nayo, unaandika kwenye kivinjari namba ya ile kompyuta na kumalizia na nukta mbili kisha 8096, na maktaba yote inafunguka. Mtu yuko barazani anaangalia filamu kwa simu na hajatumia hata megabaiti moja ya bando. Nyumba yenye vijana wengi na simu nyingi, wekeni Jellyfin juu ya mfumo wa Debian, ambao ni mtulivu na haubadilikibadiliki.

Lakini sikilizeni, hapa ndipo mashine nyingi za nyumbani zinapoharibikia. Video zina aina nyingi, na si kila simu au televisheni inaelewa kila aina. Kifaa kisipoelewa, seva inalazimika kuibadilisha filamu palepale inapoonyeshwa. Mfikirieni Lufufu: anatazama, anaelewa, anasema, vyote kwa mara moja, na filamu haimsubiri. Mtu mmoja mahiri anaweza filamu moja. Mpe tatu kwa wakati mmoja uone. Kompyuta ndogo nayo ndivyo: watu watatu wakitaka kubadilishiwa kwa pamoja, inachemka, picha inakwamakwama, na watoto wanalalamika kwamba mashine imeharibika. Haijaharibika, imeelemewa.

Dawa yake ni kuzibadilisha filamu mara moja tu, siku unapoziingiza, ili isiwepo haja ya kubadilisha tena. Aina inayoeleweka karibu na kila simu na kila televisheni ya sasa ni faili la MP4 lenye video ya H.264. Kipimo hicho kilitoka mwaka 2003, ni cha zamani, na uzee wake ndio uzuri wake. Programu ya bure iitwayo HandBrake inafanya kazi hiyo. Unaipa CD na DVD zako moja moja, unaziacha zipikwe usiku. Ni kazi ya kuchosha, sitawadanganya. Lakini inafanyika mara moja, na baada ya hapo hata Raspberry Pi inagawa filamu kwa nyumba nzima bila kutoka jasho.

Majina ya mafaili nayo msiyadharau. Kila filamu iwe na folda yake, na jina liwe jina la filamu likifuatwa na mwaka wake katika mabano. Kwa filamu za Marekani na za Kihindi, programu itajitafutia picha ya jalada na maelezo siku utakapoiunganisha na intaneti. Kwa filamu za Bongo na zile zilizotafsiriwa, mara nyingi haitakuta kitu, au itaweka picha ya filamu nyingine kabisa. Msihangaike. Chukua kasha la CD, lipige picha kwa simu mchana kwenye mwanga mzuri, ikate pembezoni, iite poster.jpg, itupie ndani ya folda ya filamu hiyo. Jellyfin itaitumia. Nimeona sebule moja hapa kwetu ambapo ukifungua televisheni, ukurasa wa kwanza umejaa majalada ya miaka ile ya 2005, 2007, 2010, makunjo ya karatasi yanaonekana, na stika ya bei ya dukani bado iko pembeni. Ukurasa ule unapendeza kuliko wa kampuni yoyote ya ng'ambo.

Rimoti. Nilisema nitairudia. Raspberry Pi ikichomekwa kwa HDMI, rimoti ileile ya televisheni huiendesha Kodi, mradi televisheni ina uwezo huo na umewashwa kwenye mipangilio yake. Bibi hajifunzi kitu kipya. Vile vile vishale vya juu na chini, ile ile sawa ya katikati. Kompyuta za mezani na laptopu nyingi hazina uwezo huo, hata kama zina nguvu mara kumi. Kwao itabidi ununue kirimoti chenye kipokezi cha kuchomeka USB, au utumie simu. Mimi nyumba yenye mzee anayeishi peke yake na mjukuu, naichagulia Raspberry Pi bila kufikiri mara mbili, kwa sababu ya hiyo rimoti peke yake.

Jambo jingine, na hili nitalipitia haraka. Masasisho ya programu yanayojipakua yenyewe, zimeni. Yatakula bando, na siku moja yatabadilisha kitu kilichokuwa kinafanya kazi. Kijana akirudi likizo, ayafanye kwa mkono huku yupo wa kuhakikisha. Usalama? Mashine hii isifunguliwe mlango wa kufikiwa kutoka nje ya nyumba. Ibaki ya ndani. Kijana akikwambia anataka aangalie filamu za nyumbani akiwa Dodoma, mnunulie flashi.

Na wenye vibanda umiza mnaonisikiliza, najua mnapiga hesabu. Mashine hii itawaondolea deki na CD zinazokwaruzika, ni kweli. Ila kuangalia nyumbani na kutoza kiingilio ni mambo mawili tofauti mbele ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Anayeonyesha kwa biashara anahitaji ruhusa ya mwenye kazi. Waigizaji na watayarishaji wetu wamelia miaka mingi kwamba kazi zao zinachomwa na kuuzwa mitaani na wao hawapati kitu. Mlango wa kuuliza ni Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, na Bodi ya Filamu. Na hata nyumbani, mimi nasema maktaba ianze na CD ulizonunua kwa hela yako na video ulizojirekodia.

Muda wangu unakaribia kuisha, na najua kuna anayejiuliza aanze wapi, maana hela ya kompyuta haipo mpaka ufuta uuzwe. Anza na kanda. Kabla ya mashine, kabla ya diski, toa kanda za VHS na CD za harusi zote zilizomo ndani uziweke mezani. Kanda itazame kwenye kile kidirisha chake: ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu, usiichomeke kwenye deki, itaharibu kichwa cha deki na kanda nyingine zitakazofuata. Itenge, hiyo ni ya fundi mjini. Zilizo safi zinaingizwa kwenye kompyuta kwa deki yoyote inayofanya kazi, ule waya wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, na kifaa kidogo cha kunasia picha kinachochomekwa kwenye USB. Haina njia ya mkato: kanda ya saa tatu inachukua saa tatu.

Saa tatu hizo msizipoteze. Waiteni wazee wakae waangalie wakati kanda inanaswa, na kijana awe na daftari. Nani yule aliyevaa kanzu ya kahawia? Yule mtoto anayelia ni nani, yuko wapi siku hizi? Ngoma ile inaitwaje, na waliopiga walitoka kijiji gani? Andikeni majina na dakika yanapoonekana. Ndani ya Jellyfin kila video ina nafasi ya kuorodhesha watu waliomo; majina yote yaingizwe pale, ili mtu akitafuta jina la nyanya yake, harusi aliyokuwepo ijitokeze.

Wiki ijayo, saa hizihizi, tutaendelea na maswali yenu kuhusu sola na betri zake.